Risasi ya Pili

Mama wa nyumba alikuwa akiulizia sufuria yake. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, Nyakasanza, mtaa wa Bunia, maharage yamekwisha kuchambuliwa na makaa yanawaka bure. Sufuria ilikuwa chumbani juu ya kabati, imefunikwa, na ndani yake hamkuwa na kitu cha kupika. Mlikuwa na risasi 13 za milimita 9. Risasi chumbani, bastola uani, katikati mlango uliofungwa, ufunguo mfukoni mwa mzee.

Nitamwita Ajida, kama mtaa mzima unavyomwita, ingawa ni miaka mingi tangu avue sare. Aliivaa enzi za Zaire, na sehemu kubwa ya maisha yake ilikwisha kwenye viwanja vya shabaha, akifoka nyuma ya migongo ya vijana. Leo anafuga bata. Mwanafunzi aliyembakia ni mmoja, mtoto wa dada yake, afisa wa polisi anayebeba kiunoni Browning iliyochakaa hadi weusi wake umegeuka kijivu.

"Iko tupu?"

"Iko tupu, mjomba."

"Nani amesema?"

Kijana akavuta chuma cha juu nyuma, akachungulia, akaingiza ncha ya kidole cha mwisho pale risasi inapolala. Mzee naye akaingiza chake. Kisha nikaambiwa na mimi nichungulie, mimi mwandishi nisiyejua ninachokitafuta mle ndani zaidi ya giza.

Mgeni wa Browning hujikwaa hapa. Bastola nyingi, hata ukizitoa magazini, bado hufyatuka. Hii haifyatuki: kiwanda cha FN, kule Herstal nchini Ubelgiji, kiliiwekea kizuizi, kwamba magazini isipokuwamo kifyatulio hakifanyi kazi. Kwa hiyo mazoezi ya bila risasi hufanywa magazini ikiwa imerudishwa ndani, na magazini ikishaingia kwenye mpini huwezi kuijua kwa macho kama ina kitu au haina. Ndiyo sababu ya sufuria, ya ufunguo, na ya macho ya watu watatu. Na hata baada ya yote hayo, mtutu ulielekezwa kwenye rundo la mchanga wa ujenzi lililoegemea ukuta wa matofali, wala haukuondoka hapo asubuhi nzima.

Mzee akatoa sarafu. Ilikuwa ya Uganda, shilingi 100, ile yenye ng'ombe wa pembe ndefu, maana sisi sarafu zetu tulishazisahau, hata franka 50 ni karatasi. Kijana akakivuta kinyundo kwa dole gumba, akanyoosha mikono, na sarafu ikawekwa juu ya mgongo wa bastola, karibu na ncha. Mgongo wa Browning ni wa mviringo, sarafu haikai vizuri. Ajida anaupenda kwa hilo hilo.

Ta! Ng'ombe akaanguka mchangani.

"Tena."

Akaanguka tena. Mara ya tatu, ya nne, ya tano, bata wakiangalia.

"Unakamua chikichi," mzee akamwambia. "Mwenye kazi hapa ni kidole kimoja. Wewe unakamua kwa mkono mzima."

Nilikuwa nimekwenda pale na swali la usiku. Sisi wa Bunia tunazijua sauti za bunduki kama wavuvi wa Tchomia wanavyoujua upepo wa ziwa. Tumelala sakafuni, tunatambua: hiyo ni Kalashinikov, hiyo iko upande wa Mudzipela, hiyo ni ya kutishia tu. Bastola ina mlio mfupi, mkavu, na mara nyingi hauji peke yake. Huja mitano, sita, minane, imefuatana kama mtu anayekimbia juu ya mabati. Halafu kimya. Asubuhi tunaulizana nani amepigwa, na jibu mara nyingi ni hakuna. Siku nyingine jibu ni mtu wa nyumba ya tatu, aliyekuwa kitandani. Nilitaka kuelewa kwa nini anayepiga upesi hakosi kukosa, na kama yupo awezaye kupiga upesi na risasi ikaenda alikoituma.

"Ya kwanza kila mtu anaiweza," Ajida alijibu. "Niulize habari ya pili."

Mji huu umepitiwa na silaha za kila namna. Wenye umri wangu hatuhitaji kukumbushwa Mei 2003: jeshi la Uganda lilipomaliza kuondoka, wanamgambo wakaugombea mji nyumba kwa nyumba, watu wakajazana uwanja wa ndege na kwenye ngome ya MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, wakiwa na magodoro kichwani. Tarehe 30 ya mwezi huo Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1484, na askari wa Operesheni Artemis ya Umoja wa Ulaya, wengi wao Wafaransa, wakaingia. Amri yao kwa mji ilikuwa kwamba silaha isionekane. Isionekane, walisema. Hapo ndipo wengi wetu tulipoitambua bastola ni kitu gani: Kalashinikov haifichiki chini ya koti, bastola inafichika.

Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 12 Februari 2003, kamera ilikuwa imemrekodi Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, akiwahutubia waliokuwa wakiandaliwa vita kambini Rwampara, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Mkanda ule ulioneshwa The Hague, na tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikamtia hatiani kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Nilimuuliza Ajida, kama mtu wa fani, watoto wale walifundishwa nini hasa kuhusu kupiga.

"Kuitoa," akasema. "Kuitoa walifundishwa. Kuipeleka, hapana."

Akaniomba nimshikie sarafu, akaanza kunieleza, na kwa muda kijana akapumzika.

Bastola inapopiga, hutikiswa mara mbili. Tikiso la nyuma ya mlio kila mtu analijua, ni lile teke. Risasi ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi, na inatoka mtutuni kwa mwendo unaoizidi sauti, kama mita 350 kwa sekunde. Kinachoisukuma mbele kinaisukuma bastola nyuma, na kwa kuwa mtutu uko juu ya ngumi, bastola hairudi nyuma tu, inainua pua. Anayeishika chini chini, kama anayeshika jembe mwishoni mwa mpini, anaipa nafasi ya kuinuka zaidi. Kwa hiyo mkono unapandishwa juu kabisa, hadi pale ngozi kati ya dole gumba na kidole cha shahada inapogusa mkia wa bastola, ila usivuke hapo, kwa sababu chuma cha juu kinarudi nyuma kwa nguvu na hakijali ngozi ya mtu. Ajida ana kovu.

Mkono wa pili wengi huutumia kama kibakuli, wanaikalisha bastola juu yake kama kikombe cha chai. Walijifunza kwenye filamu. Mkono huo una kazi kubwa kuliko wa kwanza. Unajaza upande wa mpini ulioachwa wazi, unabana kwa nguvu kuliko mwenzake, madole gumba yote mawili yanalala upande mmoja yakitazama mbele. Ukibanwa hivyo, mkono wenye kifyatulio unabaki laini kiasi cha kukiacha kidole kitembee peke yake. Kiwiliwili kinaegemea mbele kidogo, kama anayesukuma baiskeli ya mizigo kupanda mlima. Mwenye kusimama wima au kujitupa nyuma hupata risasi ya kwanza. Ya pili inakwenda kwa majirani.

Tikiso lingine linatangulia mlio, na ndilo baya zaidi, kwa kuwa mwenyewe halijui. Mwili unajua kelele inakuja. Unajikunja kuipokea: ngumi inabana, kifundo kinasukuma chini, jicho linafumba. Risasi inatoka pua ikiwa tayari imeinama, na kwa anayetumia mkono wa kulia inaangukia chini kushoto. Kila siku chini kushoto, na yeye analaumu bastola. Dawa ya kumfumbua macho ni kumchanganyia magazini: risasi za kweli, na katikati yake bandia moja au mbili, yeye asijue ziko wapi. Ikifika bandia, kinyundo kinalia ta, mlio haupo, teke halipo, lakini pua ya bastola inazama kama kuku anayedonoa mtama. Mbele ya wenzake wote.

"Nimeona meja akidonoa," Ajida alisema, bila furaha wala huruma.

Ukitaka kujua kwa nini udonoaji huo una gharama, piga hesabu. Kati ya nundu ya mbele na mwanya wa nyuma, vile vitu viwili ambavyo jicho huvipanga pamoja, Browning ina kama sentimita 16. Nundu ikihama milimita 1 pembeni, unene ambao seremala wetu hapa hajisumbui nao, risasi itapotea kwa sentimita 6 kwenye umbali wa mita 10, na zaidi ya sentimita 15 kwenye mita 25. Sasa usichukue milimita 1, chukua 5, chukua usiku, chukua moyo unaodunda masikioni. Kwenye mita 25 hapo hatuzungumzii tena mtu aliyelengwa, tunazungumzia mlango wa jirani.

Kasi basi inatoka wapi? Hili ndilo lililonishangaza. Nilidhani kidole chenyewe kinafundishwa kukimbia. Bastola ikipiga, chuma cha juu kinakwenda nyuma, kinatupa ganda, kinarudi na risasi nyingine kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mashine haichelewi. Kinachochelewa ni macho kuiona nundu ikirudi mahali pake, na kinachoharibu ni kidole kisichosubiri macho. Mpigaji aliyefundishwa anaiona nundu ikipanda na kushuka, kama anavyoona kichwa cha mtu anayeruka ukuta, na kidole tayari kimekwisha kuachia kifyatulio kiasi kidogo tu kinachotosha. Nundu inatua, kidole kinamaliza. Kwenye mita 3 hahitaji kuiona imetulia sawasawa. Kwenye mita 15 anahitaji, na huo muda wa kuhitaji ndio kasi yake ya siku hiyo. Anayepiga mita 15 kwa mwendo wa mita 3 anajidanganya kwa sauti kubwa.

Ajida alikuwa akiwafundisha kwa makofi. Kofi moja, risasi moja, polepole kama wimbo wa maziko. Matundu matano yakienea kiganja, makofi yanaharakishwa. Yakitawanyika, yanarudi nyuma. Wenye fedha siku hizi wana kisanduku kidogo kinacholia piii, kisha kinasikiliza kila mlio na kuandika muda kati ya mmoja na mwingine hadi sehemu ya mia ya sekunde. Nilimweleza. Akauliza kama kisanduku hicho kinaweza pia kumtukana mwanafunzi.

Wako watu wanaofanya jambo hili kama mchezo, na kanuni zao zinafundisha kuliko hotuba. Shirikisho la IPSC lilianzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, chini ya Mmarekani Jeff Cooper, na kauli yake ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya umakini, nguvu na kasi. Ubingwa wake wa dunia wa bastola umewahi kuchezwa Afrika Kusini. Alama unazopata zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Mfano: risasi sita, zote katikati, alama 30 kwa sekunde 4, umepata 7.5. Mwenzako ana haraka, anamaliza kwa sekunde 3: tatu katikati, mbili pembeni za alama 3 kila moja, moja imekosa kabisa. Ana 15 na 6, ni 21, anakatwa 10 kwa ile iliyokosa, zinabaki 11, gawa kwa 3, hazifiki hata 4. Sekunde moja aliyoiokoa imemla nusu ya ushindi. Na ikigonga kibao kilichochorwa kuwa mtu asiye na hatia, anakatwa 10 pia. Nchini Kenya wenye leseni hukutana Kirigiti, Kiambu, kwa mchezo wa jamaa na huo unaoitwa IDPA, ambako kila upungufu wa shabaha hugeuzwa kuwa sekunde za ziada. Njia mbili tofauti za kumwambia mtu kwamba aliyekosa hakuwahi.

Olimpiki nako kuna bastola ya kasi: mita 25, shabaha tano, risasi tano, mara kwa sekunde 8, mara 6, mara 4, mkono mmoja tu. Bingwa wake wa mwaka 1948 pale London alikuwa Károly Takács, askari wa Hungaria ambaye miaka kumi kabla guruneti bovu lilimharibia mkono wa kulia, mkono aliokuwa akipigia. Alijifunza upya kwa kushoto, kimyakimya, akachukua dhahabu, akairudia Helsinki mwaka 1952. Ajida ameisikia hadithi hiyo zamani na kila mwanafunzi wake alilazimika kupiga kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa, alisema, adui hakuulizi mkono gani unaupenda.

Lakini mchezo una kibao cha karatasi, na nyuma ya karatasi kuna tuta la udongo. Nyuma ya mtu wa Bunia kuna mtu mwingine wa Bunia. Nyumba zetu nyingi ni za miti na udongo, na juu bati. Risasi inaingia kama mgeni asiyebisha hodi.

Usidhani tatizo ni letu maskini tu. Polisi wa New York, wenye viwanja na risasi za kutosha, waliomba taasisi ya RAND iwachunguze, na ripoti ikatoka mwaka 2008. Kati ya 1998 na 2006, katika majibizano ya risasi, ni 18 tu kati ya kila 100 walizopiga zilizofika zilikokusudiwa. Hata pale ambapo mwenzao hakurudisha risasi, zilifika 30. Tarehe 24 Agosti 2012, mbele ya jengo la Empire State, polisi wawili walipiga risasi 16 kumzuia muuaji aliyekuwa mita chache tu mbele yao. Wapita njia tisa wakajeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Mtu wa Bunia akisikia hivyo anaweza kujifariji. Mimi ilinitisha, maana ikiwa huko ni 18 kati ya 100, sijui nani atathubutu kuhesabu za kwetu.

Nikakumbuka pia Nairobi, shambulio la duka la Westgate, Septemba 21 mwaka 2013. Kabla vikosi vya serikali havijajipanga, waliingia wachache wenye bastola, polisi wasio na sare na raia wenye leseni, dhidi ya watu wenye Kalashinikov. Mmoja wao, Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, alijulikana dunia nzima kwa picha ya msichana mdogo akimkimbilia. Nilipomwonesha Ajida picha ile kwenye simu, hakutazama sana uso wa mtu yeyote. Aliuliza nyuma ya yule mtoto kulikuwa na nani, na kama mtu yule angelazimika kupiga, angepiga wapi.

Hilo ndilo somo lake la mwisho, nalo halina uhusiano na kidole. Kanuni za dunia kuhusu polisi na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka afisa ajitambulishe, aonye, na apige tu pale ambapo maisha yako hatarini na hakuna njia nyingine. Ajida hataji Havana. Anasema kabla ya kutazama nundu, tazama nyuma ya mtu. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ianze hapa Ituri, Mei 6 mwaka 2021, doria za usiku hazipungui, na vichochoro vya Nyakasanza havina hata mita 2 kwa upana. Mpwa wake ameniambia kwamba katika usiku wote aliotoa bastola alani, mara nyingi zaidi ameirudisha bila kupiga. Alisema kama anayekiri kosa. Mzee akamkata jicho.

Katika kambi moja alikojifunzia ujanani, ananiambia Ajida, kila kijana alipewa risasi tano, basi, kisha cheti. Risasi ni ghali, na askari anayelipwa kwa kuchelewa hatanunua za mazoezi. Sarafu haina gharama. Dakika kumi kila siku uani, bastola tupu, kidole kimoja, mjomba mmoja mkali. Kwa maoni yangu serikali isiyo na fedha za risasi ingeweza angalau kuagiza gunia la sarafu za jirani.

Tukarudi kwenye mchanga. Ng'ombe alisimama safari hii. Ta, na akabaki juu, anatikisika pembe, haanguki. Mara mbili mfululizo. Kijana akaanza kutabasamu, na hapo mzee akaenda jikoni, akarudi na mwiko wa ugali.

Browning haiwezi kufanya zoezi la risasi ya pili bila risasi, kwani kila mara kinyundo lazima kivutwe upya kwa mkono. Ajida ana ufumbuzi wake. Alisimama ubavuni, nyuma ya ncha ya mtutu, mwiko chini ya bastola. Kijana akafyatua, ta, na papo hapo mzee akaipiga bastola kwa chini, ikaruka juu kama kweli. Kazi ya kijana ilikuwa kutoshindana nayo: aiache ipande, airuhusu ishuke yenyewe, nundu ikae palepale ilipokuwa, kidole kikisubiri. Mara ya kwanza aliisukuma chini kwa hasira, ikapita, ikatazama miguu ya rundo. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya sita au ya saba ilipanda, ikashuka, ikatua kimya, na niliona ncha ya kidole ikikaza taratibu juu ya kifyatulio kilichokufa.

"Hiyo," mzee akasema.

"Hiyo nini?" Mama wa nyumba alikuwa amesimama mlangoni. "Mwiko nao?"

Mazoezi yakaisha hapo. Mlango ukafunguliwa, sufuria ikaletwa, risasi zikamwagwa juu ya kitambaa na kuhesabiwa kwa sauti, kijana akihesabu, mzee akirudia nyuma yake, mpaka kumi na tatu. Mama akaichukua sufuria, akainusa. Aliiosha mara mbili, kwa sabuni, kabla ya kutia maharage.